Dada na Kabati la Mama

Wapendwa waombolezaji, familia imenituma mimi, kitinda mimba, niwasomee maisha ya dada yetu mkubwa, nami nimekubali shingo upande, kwa sababu bado nina ugomvi naye.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1955, mtoto wa kwanza wa seremala na mkunga, akamaliza shule ya msingi mwaka 1969, akasomea ukatibu, na Januari 1974 akaajiriwa ofisi ya maji kama mpiga chapa, mwenye vidole vilivyoifanya mashine ilie kama mvua juu ya bati.

Tarehe 6 Septemba 1980 alifunga ndoa na fundi umeme, wakajaliwa watoto wawili, na mama akampa kabati zito la nguo alilolichonga baba, ndipo balaa letu lilipoanza, maana kila maisha yalipogeuka, dada naye aliomba, akasema amina, kisha akahamisha kabati. Kompyuta zilipoletwa ofisini mwaka 1993, wenzake walinuna wiki nzima, yeye akauliza zinawashiwa wapi, na jioni hiyo kabati likahamia dirishani.

Shemeji yetu alipofariki, tarehe 2 Mei 2001, tulidhani atajifungia ndani, kumbe wageni walipoondoka tu akaniita, "Mdogo wangu, shika huko." Nikamwambia, "Dada, jamani, hata viti havijapoa." Akanijibu, "Mungu hajanihamisha ili nibaki palepale, shika, na usitumie mgongo, tumia magoti, kama kwenye sala."

Mimi nimekuwa mpishi wa melini miaka mingi, nimeingia bandari nisizojua hata salamu zake na nikapata njia, lakini kila niliporudi nilipotea sebuleni kwa dada, na miguu hii ina makovu mengi ya kabati lile kuliko ya safari zote.

Mwaka 2016 kisukari kilimpofusha, tukakubaliana kabati lisiguswe tena asije akajikwaa, naye akatuamuru tulisogeze, akalipapasa, akatangaza kwamba sasa limekaa vizuri, wakati aliyejikwaa ni mimi. Nilichukia, kusema kweli, kwani nilitaka kitu kimoja tu duniani nikikute nilipokiacha, na kitu hicho nilikuwa nimemchagua yeye.

Asubuhi ya tarehe 14 Juni 2023, hospitalini, alimwomba muuguzi amgeuzie kitanda kielekee mlangoni, nikasema, "Dada, si upumzike," akasema, "Napumzika nikitazama ninakokwenda, wewe shika huko." Nikashika, huku nimenuna, na kabla ya adhuhuri akatutoka.

Mchungaji ameniambia kwamba kwa aaminiye, kifo ni kuhama tu, nami nimemjibu kwamba hicho hasa ndicho kinachonikera.

Ameacha watoto wawili na wajukuu watano. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa ofisi ya maji aliowafundisha kompyuta bila kuwacheka sana, na majirani waliovumilia mburuzo wa kabati miaka yote hiyo bila kuja kugonga mlango.

Jioni hii tutakaporudi kwake, nitalisogeza mwenyewe, kwa magoti, ingawa sijui ni nani atakayeniambia limekaa vizuri.

Pumzika kwa amani, dada, na hapo Bwana alipokuandalia, ukikuta kabati, tafadhali usiliguse kwanza, nisubiri nije nikushikie upande wa pili.