Mshono wa Kushoto wa Pijo

—Bisheni! Nasema bisheni, halafu mtaniomba radhi. Kwenye mishono ya Pijo hii hamna pati hata ya kuziba pua ya sisimizi!

Aliyetamba hivyo ni Ridwan, kijana aliyeacha shule darasa la tano na tangu siku hiyo akajipa jina la Injinia. Kijiwe cha Bugembe, kando ya barabara ya Iganga, kina benchi moja na birika moja la Kagoya muuza kahawa. Asubuhi hiyo kilikuwa pia na Pijo 404 nyeupe kama jino la maziwa, mali ya Hajati mmoja wa Kimaka. Ridwan aliikuta ikiliwa na kutu, akaifufua; na kwake yeye kazi ambayo kijiwe hakijaisifu ilikuwa bado haijaisha. Tena leo alikuwa na sababu ya kupaza sauti zaidi. Bwana Wamboga, mgeni wa kutoka Mbale, alikuwa ameiona gari akipita, akasimama, akaagiza kahawa, akasema naye ana Pijo kama hiyo imelala bandani huko mtaa wa Industrial, anatafuta mkono wa kuiamsha. Ridwan aliutaka mkono huo uwe wake.

—Kama si pati, umeziba na nini? Posho ya mahindi? akauliza Gaster, mwendesha boda anayeitwa Redio kwa sababu hazimiki.

—Risasi. Si ya bunduki, Afande, usilale chini! Madini yenyewe. Naiyeyusha kwa moto, naisambaza kwenye mshono kwa kijiti, ikiganda naipiga tupa. Pati ni unga uliokorogwa tu, hunywa maji, hupasuka. Risasi utazikwa wewe, yenyewe ipo.

Afande Nasuru, Mnubi mstaafu wa jeshi mwenye masharubu yaliyonyooka kuliko benchi, akatikisa kichwa.

—Asiyejua kufa atazame kaburi, na asiyejua pati angoje mvua.

—Methali haiko hivyo, Afande.

—Jeshini iko hivyo.

Gaster akachomoa mfukoni sumaku ya spika iliyokufa. Mlangoni ikang'ata. Kwenye buti ikang'ata. Akaipeleka pale paa linapokutana na ubavu wa nyuma, upande wa kulia. Ikaanguka. Akazunguka kushoto. Ikaanguka tena.

—Banange! Pati hiyo!

—Sumaku inashika chuma, we mbuzi! Risasi haiishiki.

—Na pati je?

—Pati nayo haiishiki.

—Kale, sawa. Basi ni pati.

Benchi likawaka.

—Mimi wiki iliyopita unga wangu wa mandazi ulipungua, akasema Kagoya. Sikutaka kumshuku mtu.

—Kuna mtu aliziba yake kwa saruji, akadakia Gaster. Gari ikataka kibali cha ujenzi!

—Hiyo ndogo, akasema Afande. Sisi tulikuwa na Landrova imezibwa kwa chapati. Njaa ilipotubana porini, tukaila kuanzia taa za nyuma. Tulirudi kambini tumeshika usukani mtupu.

—Usipoziba ufa utajenga ukuta, akahitimisha Kagoya. Huyu kajenga ukuta, kaupaka na rangi.

Wamboga alicheka pamoja nao, lakini kikombe chake kilikuwa kimefika chini, na mtu aliyemaliza kahawa huondoka. Ridwan akaona Pijo ya Mbale inampita hivihivi. Ulimi ukamtangulia:

—Risasi ukiikwaruza inang'aa! Pati inatoa unga!

—Kumbe rahisi, akasema Gaster, akachomoa ufunguo wa boda na kuinama pale pale alipokuwa, upande wa kushoto.

Ridwan aliruka benchi na Afande juu yake. Akabandika kiganja kwenye mshono.

—Hapa hapana.

—Aah! Mwizi kajishika mwenyewe!

—Nimesema hapa hapana! Kwaruza kulia. Rangi nitapaka upya kwa mafuta yangu na jasho langu. Kulia, Redio!

Gaster akazunguka, akakwaruza. Chini ya weupe pakametameta kama shilingi mpya. Kagoya akapiga kigelegele. Afande akasimama, akaipigia gari saluti.

—Injinia, akasema Wamboga, mtu aliyeziba pande zote mbili namna hii ndiye niliyekuwa namtafuta. Lakini niambie. Kushoto kuna nini?

Redio alizimika. Kagoya aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni. Halikutoa hata tone. Ridwan alikuwa ameshashinda, angeweza kuuliza tu njia ya kwenda Mbale. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya mshono.

—Nilipochoma rangi ya zamani, upande wa kulia ulikuwa kutu tupu. Kushoto nikakuta risasi nzima, haina hata ufa. Michirizi ya tupa imelala kinyume, yote, kama mwandiko wa mtu wa mkono wa kushoto.

—Shakul, akasema Afande polepole. Fundi Shakul. Nilimfokea mara ngapi kwa kunipa chai na mkono ule!

—Ndiye baba yangu. Alikufa sijajua hata kushika tupa. Basi nikawa nazunguka gari. Natazama kwake, narudi kwangu, nafanya. Nikikosea, nazunguka tena. Ya kwangu ni kulia, bwana Wamboga. Hapa nimepaka rangi tu.