Sekunde Ishirini za Mama Hebu Ngoja

Leo, Ijumaa tarehe 30 Juni, saa kumi kamili jioni, fundi mkuu wa mitambo ya redio katika Kitengo cha Nyaya anamaliza utumishi wa miaka thelathini na mitatu, miezi minne na siku tisa. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Ofisi ya utumishi ilikuwa imeandika siku nane, akawarudishia faili. Kwenye barua za kiofisi ana jina lake kamili, zuri tu, lakini kuanzia mlinzi wa getini hadi meneja sote tunamfahamu kama Mama Hebu Ngoja, na ndivyo atakavyoitwa humu.

Mwandishi wa wasifu huu amekuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na moja. Kamati ya sherehe imemwagiza aandike kwa ufupi, aandike kwa uchangamfu, na asijitaje. Ufupi atajaribu. Uchangamfu utakuja na kuondoka. Hilo la tatu litamshinda kabla ya mwisho, na anaomba radhi mapema.

Mama Hebu Ngoja aliajiriwa akiwa karani wa stoo. Pembeni mwa stoo ile palikuwa na rafu yenye redio kumi na mbili za mawasiliano zilizokwisha kutangazwa kuwa ni chuma chakavu. Akaanza kuzifungua moja moja wakati wenzake wamekwenda kula. Mwaka haukuisha, saba zikawa zinasema. Bosi wa wakati huo alikuwa na barua mbili mezani, moja ya onyo kwa kugusa mali isiyomhusu na nyingine ya kumpeleka chuo cha ufundi, na tunashukuru kwamba alitia saini ile ya pili. Mama alirudi na cheti, pamoja na bisibisi yenye mpini mwekundu aliyojinunulia mwenyewe. Bisibisi hiyo ipo mpaka leo na haiazimwi.

Jina lake halikutoka mbali. Hakuna mashine iliyowahi kuwashwa mbele yake bila yeye kuinua kiganja na kusema, "Hebu ngoja kwanza." Kisha huinama, hugusa nati hii, huvuta waya ule, hunusa. Mumewe, mwalimu wa hesabu ambaye naye ni mstaafu, anasema hata nyumbani mgeni hakalii kiti mpaka miguu ya kiti ikaguliwe. Tukimtania kwamba atakufa na presha, jibu lake ni lile lile: wasiwasi ndio akili.

Miaka kumi na mitano iliyopita lilishushwa sanduku karakana. Kwa wageni waliohudhuria leo, kazi ya kitengo chetu ni kuvusha nyaya za umeme juu ya mabonde na mito. Waya mnene hauvuki wenyewe. Huvuka kwanza kamba nyembamba ya nailoni, hiyo ikavuta kamba nene, na kamba nene ikavuta waya. Zamani ile nyembamba ilivushwa na mtu: alijifunga kiunoni, akashuka korongo, akapanda upande wa pili. Mafundi wawili walivunjika mifupa kwa namna hiyo. Ndipo kikanunuliwa kihelikopta cha rimoti, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, ili kibebe kamba badala yetu. Bosi akaamua kwamba chochote chenye antena ni cha Mama.

Safari ya kwanza ilichukua sekunde nne. Ndani ya kihelikopta kuna kidude kiitwacho jairo, kidogo kuliko kiberiti, ambacho kazi yake ni kuhisi mkia ukianza kuzunguka na kuuzuia. Kiwandani kilikuwa kimepangwa kinyume, kwa hiyo kila mkia ulipotaka kuzunguka, chenyewe kiliusaidia. Kihelikopta kikazunguka kama pia, kikaukata uwanja kuelekea kwa mkuu wa utumishi aliyekuja na kamera, na mzee wa watu akajitosa kwenye pipa la grisi kuukuu. Jioni hiyo Mama alifungua daftari, akapiga mistari, na kuandika kasoro ya kwanza. Dalili: mkia kuzunguka. Sababu: jairo kinyume. Dawa: kugeuza. Chini yake akaongeza kwa herufi ndogo: suruali ya mkuu wa utumishi, pole sana.

Daftari la kasoro sasa limefika la nne, na kitengo hiki kimesomea humo. Kihelikopta kikitetemeka, pima uzito wa mapanga yanayozunguka juu yake, maana huenda moja limelizidi jingine kwa kiasi cha kipande cha utepe kisichozidi ukucha. Kikiegemea upande mmoja, pima vijiti vinavyoshika mapanga. Nusu mzunguko wa skrubu unatosha kukipindisha. Anza na jambo rahisi kabla ya gumu, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, na usimlaumu mtengenezaji kabla hujajilaumu wewe. Kwa utaratibu huo Mama amevusha kamba mara thelathini na nane, na hakuna fundi hata mmoja aliyevunjika kitu tangu sanduku lile lifunguliwe.

Utaratibu wake mkubwa kuliko yote ni zile sekunde ishirini. Betri ikishachomekwa, jairo huamka na kujiuliza swali moja: kutulia ni kupi? Wakati huo kihelikopta lazima kilale chini bila kuguswa, taa yake nyekundu ipepese mpaka igeuke kijani. Mama huhesabu mpaka ishirini kwa sauti ya chini, na karakana nzima husimama. Mama wa chai husimama na birika lake. Meneja mmoja mgeni aliwahi kuendelea kutembea huku anaongea na simu, akatazamwa na watu kumi na wanne mpaka akakata simu mwenyewe.

Hapo uchangamfu ulioagizwa na kamati unaanza kupungua.

Mwezi wa tatu mwaka huu magoti ya Mama yalianza kumsumbua. Kuinama ikawa kazi, kuinuka ikawa kazi mbili. Na mwezi wa nne ikaja kazi yake ya mwisho, kuvusha kamba kwenye korongo ambalo ng'ambo yake kuna zahanati na kaya arobaini zinazosubiri umeme. Kutoka pikapu inapoishia mpaka ukingoni ni mteremko wa hatua mia mbili.

Jaribio la kwanza, mkia ulianza kuvuta kushoto taratibu, Mama akakirudisha chini. Kule karakana, kikiwa kimefungwa mezani, kilitulia kama maji mtungini. Jaribio la pili, mwezi wa tano, ulivuta kulia. Akakirudisha, akakifungua mpaka skrubu ya mwisho. Akabadilisha mkanda wa mkia. Akajaribu, kizima. Akabadilisha beringi. Kizima. Akabadilisha jairo yenyewe kwa ile ya akiba. Kizima kabisa, mezani. Dereva wetu, ambaye hajui kunyamaza, alimwambia, "Mama, huyu ndege wako akiona watu tu anapata kizunguzungu." Watu walicheka. Mama hakucheka, na mimi niliyekuwa karibu naye niliona kwamba maneno yale yameingia.

Jaribio la tatu lilikuwa tarehe 7 mwezi huu. Mkunga wa zahanati ile alitembea saa moja na nusu kwa njia ya daraja la miguu ili ashuhudie. Kamba ilifungwa, kihelikopta kikapaa, kikafika kama theluthi ya safari. Ghafla mkia ukakataa. Kikazunguka, kikajiviringishia kamba, na Mama akakivuta kurudi upande wetu kikipepesuka. Fundi wa nguzo alilala kifudifudi, mapanga yakapita juu ya kofia yake kwa kimo cha shibiri moja. Kikaangukia kichakani. Hakuna aliyeumia. Mkunga alitushukuru kwa kujaribu, akajifunga khanga yake vizuri na kuanza kurudi alikotoka.

Siku iliyofuata Mama alikaa mbele ya meza yake, mikono ameilaza juu ya kitambaa cha kazi, anaitazama. Chai yake ilipoa mpaka ikafanya utando. Kisha akamwomba meneja aahirishe kazi ile hadi atakapopatikana rubani mwingine, akaanza likizo yake ya mwisho. Daftari alilifunga na kuliweka kwenye droo yangu. Ukurasa wa mwisho kwa mwandiko wake unasema hivi. Dalili: mkia hautulii, uwanjani tu, mezani hapana. Sababu: mikono ya rubani imezeeka, inatetemeka mbele za watu. Dawa: kustaafu.

Nilisoma mstari ule nikiwa nimesimama, nikakaa.

Jumatatu ya wiki hii nilikichukua kihelikopta, kilichokwisha kutengenezwa, ili nikipime kabla ya kukabidhiwa nafasi ya Mama. Nilichomeka betri mezani, nikahesabu ishirini, nikakibeba mpaka uwanjani na kukirusha kimo cha goti. Kilitulia. Nikakizima. Nikataka kurudia, na kwa uvivu nikachomeka betri pale mlangoni, nikakibeba kuelekea uwanjani kama nilivyozoea siku za hivi karibuni. Mkia ukavuta kushoto. Nikasimama na rimoti mkononi. Nilirudia mara tatu kwa njia hii na mara tatu kwa njia ile. Majibu hayakubadilika.

Hapa ndipo agizo la tatu la kamati linaponishinda kabisa, maana kasoro yenyewe ni mimi. Tangu magoti yalipoanza kumsumbua, nilijiambia kwamba Mama, ambaye kwangu ni kama dada, asipate tabu ya kuinama na kusubiri kwenye mawe. Kwa hiyo kule korongoni nilikuwa nachomeka betri kwenye pikapu, nakibeba kihelikopta kifuani kushuka ule mteremko, ili yeye akifika taratibu nyuma yangu akute taa ni ya kijani na kila kitu tayari. Nilijiona mwerevu. Jairo yetu ni ya zamani na haibishani na mtu. Iliamka mikononi mwangu, ikiyumba hatua kwa hatua, ikaamini kwamba kuyumba kule ndiko kutulia. Kule karakana Mama aliiamsha mwenyewe, mezani, na ndiyo maana mezani haikuwahi kuugua. Miaka kumi na moja nimesimama kimya kwenye zile sekunde ishirini kama mtu aliyeko kwenye sala, kumbe nilikuwa nimekariri kusimama tu, sikuelewa kwa nini.

Nilipaswa kumpigia simu Jumatatu hiyo hiyo. Nilipiga. Alipopokea, nikamwuliza gundi ya nati ilipo, akaniambia rafu ya pili kushoto, nikamshukuru na kukata. Jumanne nikapiga tena, nikamwuliza hali ya magoti. Jumatano nilimwambia meneja, kwa sababu kumwambia meneja kulikuwa rahisi zaidi, na hilo peke yake lilinionesha woga wangu ulivyo. Ndipo nikaamua kuandika humu. Programu hii ya sherehe imeshachapishwa nakala mia moja na hamsini, na siwezi tena kuuliza habari za gundi.

Kwa hiyo, Mama, ukiwa umekaa pale mbele na mumeo, na mimi nikiwa nimejificha nyuma ya spika, naomba usome taratibu. Daftari la nne nimelifungua. Sikuufuta mstari wako, kwa sababu ulitufundisha kwamba daftari la kasoro halifutwi. Nimeandika chini yake kwa wino mwekundu. Dalili: ile ile. Sababu: msaidizi aliamsha helikopta huku anatembea. Mikono ya rubani imekaguliwa, haina kasoro. Dawa: msaidizi aombe msamaha, na sekunde ishirini zirudishwe. Sehemu ya saini ya mkaguzi nimeiacha wazi, maana mkaguzi ni wewe. Nisamehe, dada. Wiki tatu hizi umekaa nyumbani ukiitilia shaka mikono iliyotulisha sote, na aliyekutia shaka hiyo ni mtu uliyemfundisha kushika bisibisi.

Kitengo kinamshukuru Mama Hebu Ngoja kwa redio saba, kamba thelathini na nane, mifupa yote ambayo haikuvunjika, na wasiwasi aliotubebea kwa miaka yote hii ili sisi wengine tulale. Anayechukua nafasi yake anaanza kazi Jumatatu akiwa na hofu kubwa, na kwa mara ya kwanza haionei aibu hofu hiyo.

Ratiba inasema baada ya wasifu huu kutakuwa na zawadi, picha na keki. Meneja ameruhusu mabadiliko. Pikapu iko getini, na dereva ameahidi kufunga mdomo. Fundi wa nguzo yuko ukingoni tangu asubuhi, mwenzake yuko ng'ambo pamoja na mkunga. Pale ukingoni tumeweka meza imara na kiti, na miguu ya kiti nimeikagua. Betri haijachomekwa. Utaichomeka wewe, umekaa, na sisi sote na wageni wetu tutasimama bila kukohoa huku ukihesabu.

Kutoka hapa ukumbini hadi korongoni ni dakika arobaini, na utumishi wako unaisha saa kumi. Maisha mema tunakutakia kwa moyo wote, Mama, wewe na mwalimu, ila hebu ngoja kwanza: tutakutakia saa kumi na dakika moja, kamba ikiwa ng'ambo.