Helen Lanyero na Barua Niliyoiandika Mimi

Mchungaji, wazee wa baraza la kanisa, shekhe uliyefuatana na jamaa za shemeji yetu, mama zetu, majirani wa Old Kampala na mafundi wa Nakivubo mliofanya kazi na marehemu, poleni sana na msiba. Mimi ni Ocaya, mdogo wa mwisho wa marehemu, na ukoo umenipa kazi ya kusoma habari za maisha yake, nazo nitazisoma kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ya kambi ya polisi iliyotulea, na ndiyo inayotukutanisha sote chini ya hema hili. Karatasi iliyoandaliwa na baraza ninayo mkononi, ina mambo mawili yasiyo ya kweli, na yote mawili yametoka kwangu, kwa hiyo nawaomba mnivumilie pale nitakapoiweka kando.

Marehemu Helen Lanyero alizaliwa tarehe 9 Mei 1964 huko Gulu, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa marehemu Koplo Okwera wa jeshi la polisi na marehemu mama yetu Docus. Mwaka 1968 baba alihamishiwa Kampala, tukapewa chumba kimoja katika kambi ya Nsambya, kikagawanywa kwa pazia, na humo ndimo mimi nilimozaliwa miaka miwili baadaye, nikabebwa mgongoni na Lanyero kabla sijajua kumtofautisha na mama.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1971, akamaliza la saba mwaka 1977, akaingia sekondari na kusoma kidato cha kwanza na cha pili, lakini vita vya mwaka 1979 vilipofika mjini shule ilifungwa, baba akaenda zamu na hakurudi, na shule ilipofunguliwa dada yangu hakwenda tena, kwa kuwa tulikuwa wanne na mama alikuwa mmoja. Alipokea kipaimara tarehe 30 Novemba 1980, na kati ya mwaka 1981 na 1982 alijifunza ushonaji hapa Old Kampala, akafaulu vizuri.

Mwaka 1983 aliweka cherehani yake kwenye varanda ya duka moja kule Nakivubo, akashona sare za shule na kutia viraka sare za polisi kwa miaka arobaini, na kwa kazi hiyo alinisomesha mimi mpaka chuo, hata naweza kusema kila herufi ninayoisoma hapa imepita chini ya sindano yake. Wanaomjua kazini wanakumbuka tabia yake moja, kwamba hakukata kitambaa, kiwe cha bwana mkubwa au cha mtoto wa chekechea, kabla ya kufumba macho kidogo na kumwomba Mungu hekima. Bwana Nyongesa, Mkenya aliyeuza viatu jirani naye, na ambaye yuko nasi hapa, alikuwa akimtania, "Mama, hiyo ni kaptula ya mtoto, si pazia ya hekalu, kata tu!" naye akimjibu bila kukasirika, "Kitambaa ikishakatwa hairudi, Nyongesa." Aliomba hivyo hivyo kabla ya kuamua ugomvi wa bomba la maji kambini, kabla ya kumjibu mteja mwenye matusi, kabla ya kumkanya mtoto, na sisi wasomi wa nyumbani tulimcheka, tukimwona anamsumbua Mungu kwa mambo ambayo akili ya kawaida inayatosha.

Mwaka 1992 alichaguliwa kiongozi wa umoja wa akina mama kanisani kwetu, na mwaka 1996 mimi nikachaguliwa katibu wa baraza, cheo nilichokipenda kuliko nilivyompenda Mungu aliyenipa.

Sasa nafika kwenye ndoa. Mwishoni mwa mwaka 1998 aliposwa na Sajenti Kamis, mtu wa Arua, Mwislamu, aliyefiwa na mke, mwenye watoto wawili wadogo. Lanyero hakukurupuka, aliomba siku arobaini, na katikati ya siku hizo alikuja kwangu akanisihi tuombe pamoja, nami nikamwambia jambo kama hilo halina haja ya maombi, jibu linajulikana. Alirudi akaendelea kuomba peke yake. Tarehe 16 Aprili 1999 alifunga ndoa na Kamis mbele ya msajili wa ndoa, kila mmoja akabaki katika dini yake, na mimi sikwenda.

Kwa utaratibu wa kanisa letu, asiyefungishwa ndoa kanisani haendi kwenye Meza ya Bwana, na katibu huandika barua kuliarifu baraza. Kama ningeandika hivyo tu ningekuwa nimefuata utaratibu, lakini niliogopa maswali, niliogopa wazee watauliza katibu huyu anaongozaje kanisa na dada yake anamshinda, na wakati huo nilikuwa natafuta kupelekwa masomo ya uinjilisti. Kwa hiyo tarehe 2 Mei 1999 niliandika kwamba Helen Lanyero amesilimu na ameiacha imani, kwa kuwa mtu aliyeiacha imani hajadiliwi, anafutwa, kikao kinafungwa. Nilijua ni uongo nilipokuwa naandika. Barua ilisomwa Jumapili ya tarehe 9 Mei, siku aliyotimiza miaka thelathini na mitano, naye akiwa ameketi pale pale kanisani anasikiliza.

Hakusimama kukanusha. Baada ya ibada alinifuata mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ocaya, we uliuliza Mungu, ama uliuliza komiti?" Nilimpita nikaenda kuwasalimia wazee. Miaka ishirini na sita aliendelea kuja kila Jumapili, akiletwa na Kamis kwa pikipiki mpaka getini, akakaa benchi la nyuma, wengine wakisema Mwislamu huyu amekuja kuchungulia nini, na kila Meza ilipoandaliwa alibaki ameketi. Mama yetu, kabla ya kufariki mwaka 2011, aliniambia sababu ya ukimya ule, kwamba Lanyero alimwomba Mungu hekima, akaona akisema ukweli nitapoteza cheo na jina, akachagua kupoteza la kwake. Nimelijua hilo kwa miaka kumi na minne. Naona haya, ndugu zangu, naona haya mbele yenu na mbele ya jeneza hili.

Marehemu ameacha mume na watoto watatu, Sadia na Rajabu aliowakuta wadogo akawalea bila kuwaonyesha kwamba hakuwazaa, na Moreen aliyemzaa tarehe 3 Agosti 2001.

Alianza kuugua mwezi Novemba 2023, na mwezi Februari 2024 madaktari wa Mulago waligundua saratani ya shingo ya kizazi. Alitibiwa kwa mionzi, akapata nafuu, kisha mwezi Julai mwaka huu ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Kamis alimwogesha, alimlisha, na macho ya dada yangu yalipochoka alimsomea Biblia kila asubuhi, kitabu ambacho si chake, sura nzima nzima, kwa ile sauti yake ya gwaride.

Jumapili ya tarehe 28 Septemba nilikwenda kumwona, akaniomba kitu kimoja tu, ashiriki Meza ya Bwana kabla hajafa. Mchungaji alikuwa tayari, ila daftari la kanisa lilisema mtu huyu ameiacha imani, na kumrudisha kunahitaji idhini ya baraza, na mwenyekiti wa baraza sasa ni mimi. Nilimwahidi. Kikao kilikaa Jumamosi ya tarehe 4 Oktoba, nikakiongoza, tukajadili mabati ya jiko la kanisa kwa saa mbili, na ajenda ya dada yangu ilipofika nilisema muda umekwisha, tuiahirishe mpaka tarehe 18, kwa sababu nisingeweza kuieleza bila kuieleza barua. Alifariki Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, bila kupata alichoniomba.

Karatasi ya baraza inasema kwamba alisilimu mwaka 1999 na akairudia imani kitandani. Sitayasoma hayo kama historia. Hakuwahi kuondoka, kwa hiyo hakuwa na haja ya kurudi.

Mchungaji, mwili huu uko uani na si kanisani kwa sababu ya barua ile, nami nakiri mbele ya watu wote kwamba ni ya uongo na mwandishi wake ni mimi. Naacha uenyekiti leo. Nakuomba kesho, kabla gari halijaelekea Gulu kwa maziko, marehemu apitishwe kanisani, awekwe mbele. Na wewe shemeji Kamis, tuliyekupanga kule nyuma na majirani kama mpita njia, njoo ukae hapa kwenye kiti cha mfiwa, mimi nitasimama.

Kwa niaba ya ukoo nawashukuru madaktari na wauguzi wa Mulago, majirani wa Old Kampala waliopika bila kuuliza nani anasali wapi, mafundi wa Nakivubo waliofunga kazi leo, na bwana Nyongesa aliyeitunza cherehani yake alipokuwa mgonjwa.

Pumzika kwa amani, dada yangu. Neno la hekima la kukuaga sina, ninalo hili la kweli tu, nalo nimelichelewesha mpaka huwezi kulisikia.