Kipimo Kilichopaswa Kukataa

Benchi letu liko mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, huku nchi za Waarabu, ubavuni mwa duka la karak, chai ya maziwa, chini ya AC zinazotudondoshea maji kichwani. Ijumaa asubuhi, kabla maduka hayajafungwa kwa swala, tunakunywa kahawa ya Bakari, Mtanga anayelinda hoteli lakini anataka aitwe Mudiri, yaani meneja. Tony, dereva kutoka Kakamega, tunamwita Wakili, kwa kuwa anajua sheria zote za nchi hii isipokuwa zile anazopigiwa faini. Mimi huosha vikombe na kusikiliza. Ijumaa hii rafiki yetu Laban alitoka kanisani Abu Hamour, maana huku ibada ni Ijumaa, akaja na dada mgeni, Winfred, yaya anayefanya kazi Lusail, aliyepanda naye gari moja. Laban hakugusa kahawa, na Laban si mtu wa kukataa kahawa.

Wakili: Sema, ndugu yangu. Umekaa ni kama umefiwa.

Laban: Kafili wangu anaenda jangwani kupiga shabaha leo, baada ya alasiri. Na ile bunduki mpya nimeiharibu.

Kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, ni mzee wa shabaha, mwenye kibali, na gereji ya nyumbani kwake ina mashine ndogo ya kukereza chuma. Laban alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha sukari kabla hajaja huku kuendesha gari, kwa hiyo mzee akikereza, yeye humshikia taa na kumpangusia. Jumatano walikuwa wanachimba chemba ya mtutu, pale risasi inapolala.

Laban: Ikaadhiniwa. Mzee akazima mashine, akaenda kuswali. Nikabaki napangusa. Kitambaa kikanasa kwenye gurudumu la mkono linalopima kina, likazunguka kidogo. Aliporudi akaendelea, hajui limesogea. Sikumwambia.

Mudiri: Kidogo kiasi gani?

Laban: Unywele. Lakini kuna vipimo viwili. Kimoja lazima kiingie kwenye chemba, kingine lazima kikatae; kikiingia, chemba imezidi kina. Mzee alijaribu cha kwanza, kikaingia. Wageni wakafika majlisi, sebuleni kwake, akaniachia nisafishe. Nikajaribu cha pili.

Mudiri: Kikakataa?

Laban: Kikaingia, Mudiri. Kikaingia vizuri kabisa.

Mudiri: Sasa ikipigwa hivyo?

Laban: Ganda la risasi linaweza kupasuka. Moto na vyuma virudi nyuma.

Nikajifanya naosha kikombe nilichokwisha kukiosha.

Wakili: Basi funga mdomo. Mgeni kushika mtutu wa bunduki, hiyo ni dipoti, unarudishwa kwenu moja kwa moja. Hata hawatakuuliza ulikuwa unashika kitambaa.

Mudiri: Hapo Wakili kasema. Wahenga walinena, kimya kingi kina mshindo mkuu. Maana yake nyamaza, utapata heshima.

Mimi nilitaka kumwambia Mudiri arudie methali yake polepole, aisikie mwenyewe, lakini nikaogopa kuonekana mjuaji.

Wakili: Tena huenda mzee anajua. Kwani gereji haina kamera? Amekuona, amenyamaza, anakupima kama wewe ni mwaminifu.

Mudiri: Na chuma, kaka, si kitu cha kukata tamaa nacho. Jumatano kilikuwa kimepata moto. Kimelala kwenye AC siku mbili, kimejirudi.

Laban: Nilijaribu tena jana. Kikaingia tena.

Mudiri: Basi jangwani jua litakibana. Kitu kikivimba kwa joto, tundu linafunga.

Wakili: Ama isipasuke kabisa. Bunduki humjua mwenyewe. Babu yangu alikuwa na moja, kwa kila mtu iligoma, yeye tu ndiye iliyemsikiza.

Mudiri: Hata kwetu Tanga ipo. Unaisomea tu dua.

Tulikuwa tumefika hapo, tunaisomea bunduki dua, Winfred akaweka kikombe chini.

Winfred: Samahani, mimi si mtu wa hizi vitu. Huyo mzee akipiga, uso wake huwa wapi?

Laban, nadhani bila kujua, aliinua mkono wa kulia akalaza shavu juu yake, kama kwenye kitako cha bunduki, kichwa kikainama upande, jicho moja likafumba. Kisha akasimama, akasogea kando penye magari yaliyoegeshwa, akatoa simu.

Tulimsikia kwa Kiarabu chake cha kuokoteza. Alisema usipige ile bunduki, baba. Alisema gurudumu, kitambaa, swala. Alisema ni mimi, akalirudia hilo. Mudiri alianza kuguna kitu, Wakili akamgusa goti. Niliona aibu kubwa. Tulikuwa tumekunywa birika zima tukimfundisha rafiki yetu namna ya kumwacha mtu apoteze jicho.

Laban akarudi polepole, simu ameifunika kwa kiganja.

Wakili: Amekufukuza?

Laban: Hapana. Anasema bunduki inarudi sandukuni.

Mudiri: Alhamdulillah. Si ndio yameisha?

Laban: Ameniuliza kitu. Anasema tangu Jumatano nimemwendesha kila siku, jana tumekula naye sahani moja. Anauliza kwa nini sikumwambia.

Mudiri: Ukamjibuje?

Laban: Sijamjibu. Yuko kwenye laini, anangoja.

Akaondoa kiganja, akatunyooshea simu, sisi tuliokuwa na majibu asubuhi nzima.