Bi Woga na Kamba ya Mlingotini

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni viti, na anayeosha vyombo afunge bomba kidogo. Leo tunamkumbuka mama mmoja, fundi wa kamba za mashua ndogo za tanga. Kazi yake ilikuwa kutoa kamba zilizochoka na kutia mpya. Gatini walimwita Bi Woga, naye aliitika bila kinyongo. Ametutoka wiki hii, kitandani kwake, baada ya kuugua.

Bi Woga kweli alikuwa mwoga. Mdogo wake wa kiume anasema, "Dada akitoka nyumbani lazima arudi kuangalia jiko. Akifika barabarani, anarudi tena. Mabasi yote yalimwacha huyo!"

Jina lenyewe alipewa na mumewe, seremala wa mashua. Bwana huyo hana dogo, kila kitu kwake ni mzaha.

Sasa sikilizeni jinsi kamba inavyobadilishwa. Kamba ya kupandishia tanga hupita ndani ya mlingoti, juu kabisa inazunguka kapi, kile kigurudumu cha kupitishia kamba. Huichomoi hivi hivi. Unaunganisha ncha ya kamba mpya na ncha ya kamba kuukuu, kisha unavuta. Ya zamani inatoka, mpya inaifuata. Bi Woga aliunganisha kwa sindano na uzi. Alishona, akavuta, akashona tena.

Siku moja walikuwa wakibadilisha kamba za mashua yao wenyewe. Seremala alikuwa na haraka. Akaunganisha kwa selotepu.

"Baba Nanii, shona," mkewe akamwambia.

"Wewe nawe! Hii inatosha."

Wakavuta. Kule juu, kwenye kapi, selotepu ikaachia. Kamba zote mbili zikaporomoka, kapi likabaki tupu. Ilibidi mtu apande. Ikabaki kamba moja tu ya kumpandishia, ile ya tanga la mbele, nayo ilikuwa bado haijabadilishwa.

Seremala akakaa kwenye kibao kilichofungwa kwa kamba hiyo, ncha ya kamba mpya kaifunga kiunoni. "Nivute, mke wangu. Na usizimie."

Bi Woga akazungusha winchi ya mkono, ile ngoma ya kuvutia kamba. Mume akapanda, akapanda, hadi kileleni. Chini yake palikuwa na sitaha ngumu na gati la saruji. Ndipo Bi Woga alipoangalia kamba mbele ya vidole vyake, pale inapotoka mlingotini. Ganda la kamba lilikuwa limepasuka. Nyuzi za ndani zilionekana, nyeupe, na mmoja ulikatika akiutazama. Tak.

Wasikilizaji wapendwa, hebu jiwekeni mahali pake. Kamba hiyo ndiyo iliyomshika mumewe. Akimteremsha, pale palipopasuka patarudi ndani ya mlingoti, na pakikwaruzwa tena kwenye ukingo wa tundu patakatika. Hakuna nafasi ya kumvuta zaidi. Na akipiga kelele kwamba kamba inakatika, seremala atashtuka, atajirusha kuukumbatia mlingoti, na mtikisiko huo ndio utakaoimaliza.

Binti yao anasema mama alimsimulia hivi: "Mwanangu, nilitaka kukimbia, lakini mkono ulikuwa kwenye winchi."

Uzi mwingine ukakatika. Tak.

Bi Woga akafanya nini? Akaangua kilio. "Baba Nanii, mimi naogopa! Naogopa huku chini!"

Juu kukasikika kicheko. "Mimi ndiye niliye angani, unalia wewe?"

"Naogopa! Hiyo kamba mpya usiitumbukize ndani ya mlingoti. Ipitishe kwenye kapi, ujifunge nayo. Nifanyie hilo tu, moyo wangu utulie. Taratibu, tafadhali."

"Haya, haya, Bi Woga wangu."

Akaipitisha. Akajifunga taratibu, huku akiimba ovyo ili amchangamshe mkewe. Bi Woga, mkono mmoja ukishikilia winchi, mkono wa pili ukaivuta kamba mpya hadi ikakaza, akaizungushia chuma cha kufungia. Machozi yalikuwa ya kweli. Lakini macho hayakuondoka kwenye zile nyuzi.

"Umefunga?"

"Nimefunga. Umeridhika sasa?"

Bi Woga akamteremsha kwa kamba mpya. Seremala alipokanyaga sitaha alikuwa bado anacheka. Mkewe akamwonyesha ile kuukuu. Akaivuta kwa mikono yake miwili, nayo ikakatika.

Seremala aliketi palepale sitahani.

Jana nilimpigia simu. Alikuwa gatini. Alisema, "Nilidhani mimi ndiye ninayemtuliza." Kisha akaniambia yuko kwenye mashua, anabadilisha kamba, na ameshona mara mbili. "Nimegeuka nyuma nimwonyeshe," akasema, "hakuna mtu."

Kwa mzee wetu seremala, kwa binti, kwa mdogo wa marehemu na kwa wote wa gatini, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Mola amlaze mahali pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, huenda hapo nyumbani yuko mmoja mnayemcheka, kila siku yeye na hofu zake. Leo akikwambia anaogopa, mcheke ukitaka. Lakini jifunge kwanza.