Leocadio Barraza Tirado (1951–2024), Aliyezipima Nyota Mara ya Pili

Wasifu huu umeandikwa na mkewe. Unasomwa na binti yao, Maite.

Ndugu, majirani na wenzake wa kazi mliofika Diaguitas kumsindikiza Leocadio, asanteni. Wengi wenu mnayajua maisha yake nusu. Leo mtayasikia yote, kabla udongo haujamfunika.

Leocadio Barraza Tirado alizaliwa Ijumaa, tarehe 9 Februari 1951, hapa hapa kijijini, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Rosendo Barraza, mkulima wa zabibu, na marehemu Bi. Eduvina Tirado, ambaye jibini yake ya maziwa ya mbuzi iliagizwa hadi mjini Vicuña. Alifuatwa na dada mmoja, Nolfa. Alizaliwa katikati ya mavuno. Baba yake alipenda kusema kwamba siku ile kreti nane za zabibu ziliharibika juani kwa ajili ya mtoto mmoja, na mtoto mwenyewe hakufikia uzito wa kreti hata nusu.

Alisoma shule ya msingi hapa Diaguitas kuanzia mwaka 1957, kisha shule ya upili mjini La Serena, akiishi kwa shangazi yake. Mwaka 1969 aliingia chuo kikuu mjini Santiago kusomea fizikia. Septemba 1973, jeshi lilipoipindua serikali, masomo yake yalikatika, kama ya wengi wa rika lake. Kijana aliyekaa naye chumba kimoja hakuonekana tena, na Leocadio alimwombea kila Septemba mpaka mwisho wa maisha yake. Alirudi bondeni, akavuna zabibu na baba yake misimu miwili, kisha akarejea chuoni na kuhitimu mwaka 1977. Kati ya mwaka 1979 na 1984 alisomea shahada ya uzamivu huko Groningen, Uholanzi. Alirudi na masanduku mawili ya vitabu na koti zito ambalo bonde hili halijawahi kulihitaji.

Kuanzia mwaka 1985 hadi alipostaafu mwaka 2016 alifundisha La Serena na kufanya kazi katika kituo cha darubini kilichoko mlimani juu ya bonde letu. Kazi yake ilikuwa kuichunguza maada ya giza, ambayo haitoi mwanga wala haiakisi, nayo ndiyo sehemu kubwa ya uzito wa ulimwengu. Mama yake hakuridhika na maelezo hayo. Siku moja, akikanda jibini jikoni, alimbana.

“Hicho kitu chako cha giza, umekiona?”

“Hapana, Mama. Hakionekani.”

“Kwa hiyo Wazungu wamekuweka miaka mitano wakikufundisha kutoona?”

Leocadio alicheka mpaka akakaa chini. “Mama, unazikumbuka zile bembea za mduara za sherehe za Septemba? Ukiwaona watoto kwa mbali wanazungushwa mbio na hawarushwi nje, utasemaje?”

“Nitasema wameshikwa na minyororo.”

“Hata kama minyororo huioni?”

“Hata kama siioni. Kwani mimi mjinga?”

“Basi nyota za ukingoni mwa galaksi nazo zinakwenda mbio kupita kiasi, na hazirushwi nje. Kipo kinachozishika. Ndicho ninachokitafuta.”

Akamweleza pia kwamba kitu hicho kilitangulia nyota. Hapo mwanzo ulimwengu ulikuwa moto mtupu, karibu sawa kila mahali. Maada ya giza ikaanza kujikusanya hapa na pale kwa uzito wake yenyewe, na gesi ikafuata ilikovutwa, ikajaa, ikakazana, ikawaka, zikawa nyota. “Ni kama shambani, Mama. Mfereji kwanza, halafu maji, zabibu mwisho. Bila mfereji hapa pangekuwa jangwa.”

“Kumbe Mungu alianza kwa kuchimba mifereji?”

“Mimi naamini hivyo.”

“Basi huyo ni mtu wa bondeni,” alisema Bi. Eduvina, akarudia jibini yake.

Jumamosi, tarehe 13 Desemba 1986, Leocadio alifunga ndoa mjini La Serena na Hortensia Munizaga Rivera, mwalimu wa historia, ambaye baadaye alikuwa mkuu wa shule ya wasichana. Baba yake Hortensia, marehemu Jaji Munizaga, hakuwa mtu wa kutoa binti kirahisi. Alimkalisha mchumba sebuleni, akamwuliza anafanya kazi gani. “Napima kitu kisichoonekana, mzee.” Jaji akauliza tena. “Na mshahara wake, unaonekana?” “Kwa mbali, mzee.” Posa ilikubaliwa siku hiyo hiyo. Mungu aliwajalia Maite mwaka 1988 na Fermín mwaka 1991. Leocadio alikuwa baba mpole. Alipika maharage ya Jumapili yeye mwenyewe, na alipotoka mlimani asubuhi alivua viatu mlangoni asimwamshe mtu.

Hapa wasifu huu ungeweza kuruka hadi ugonjwa. Nolfa, kwa kumpenda kaka yake, ndivyo alivyoshauri. “Wifi,” alisema juzi, “mtu akifa, kosa lake huzikwa naye. Usilifukue.” Lakini kosa la Leocadio halikuzikwa. Limetembea bondeni miaka kumi na mitano likiwa limevaa nguo zisizo zake. Afadhali leo livae zake.

Mwaka 2006 Leocadio na wenzake wawili walipewa siku tatu za kutumia darubini, wakapima kasi za nyota ishirini na sita katika galaksi moja ndogo mno ya anga la kusini. Nyota hizo zilitofautiana kasi kupita kiasi. Galaksi nyepesi vile ingekuwa imekwisha kutawanyika, ila kama kuna uzito mkubwa usioonekana unaoikusanya. Mwaka 2007 alitangaza kwamba hakuna galaksi yenye giza kuishinda hiyo. Habari ilienea. Wataalamu walimwandikia kutoka nchi nyingi, magazeti yakaja kumpiga picha, na mwaka 2009 baraza la mji likaamua kwamba barabara inayoshuka kutoka kanisani hapa Diaguitas ipewe jina lake. Kibao kingezinduliwa Jumapili, tarehe 15 Novemba.

Watu wa kazi ile wana kanuni yao. Nyota nyingi huenda mbili mbili, moja ikiizunguka nyingine, na kwa mbali huonekana moja. Mzunguko huo huongeza kasi. Kwa hiyo nyota haiapiwi kwa kipimo kimoja. Huachwa mwaka au zaidi, ikapimwa tena, na iliyobadilisha kasi huondolewa kwenye hesabu. Leocadio aliwafundisha wanafunzi wake kanuni hiyo kwa miaka ishirini. Mwaka 2007, kwa kuwa kundi jingine la wataalamu nalo lilikuwa likiipima galaksi ile ile, hakusubiri. Alitangaza kwa kipimo kimoja. Hilo ndilo kosa lake, na hakuwa na jingine.

Kosa hilo alilifichua yeye mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha na hakuna aliyemkamata. Aliomba siku nyingine mbili za darubini, akazipima nyota zake upya pamoja na Dk. Griselda Cuturrufo, ambaye yuko nasi hapa. Nyota saba zilikuwa zimebadilisha kasi. Alipoziondoa, zile zilizobaki zilitulia, na uzito usioonekana ukayeyuka karibu wote. Galaksi yake yenye giza kuliko zote pengine ilikuwa kundi la nyota tu, kama makundi mengine.

Dk. Griselda alijaribu kumchangamsha. “Profesa, ni wewe peke yako uliyewahi kuupunguza ulimwengu kwa mikono yako.”

“Sikuupunguza,” alisema. “Nimeurudisha nilivyoukuta.”

Jumatano ya wiki ile ya kibao, wakati wa chai ya jioni, alimwambia mkewe.

“Hortensia, nimekosea. Ile galaksi. Nyota saba ziko mbili mbili.”

Mkewe hakuuliza kosa lenyewe ni nini. Aliuliza, “Nani mwingine anajua?”

“Griselda.”

“Griselda hatasema. Subiri mwaka upite, mume wangu. Jumapili kuna kibao. Baba yangu atakuwepo. Mama yako amenunua viatu.”

“Viatu atavaa kanisani.”

“Unataka watoto wako waitwe watoto wa nani? Wa mwongo?”

“Nikinyamaza, ndiyo.”

Mkewe alimsihi siku ile, na kesho yake, na keshokutwa yake. Alimwambia kwamba jina la Munizaga halijawahi kuchekwa uwanjani. Leocadio alisikiliza yote bila kuinua sauti, kama alivyokuwa kwa kila jambo. Jumapili alisimama mbele ya kibao kilichofunikwa kitambaa, akashukuru, akaeleza alichokosea, akaomba kitambaa kisivutwe. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja nyuma alisema kwa sauti, “Sasa zile empanada zinaliwa au haziliwi?” na watu wakapata pa kuchekea. Bi. Eduvina, mwenye miaka themanini na mitatu, alimpigia mwanawe kelele kutoka kitini. “Kosa umeliona mwenyewe?”

“Ndiyo, Mama.”

“Basi njoo ule. Baba yako alipanda shamba zima la zabibu za aina nyingine kwa makosa, na aliyemgundulia alikuwa jirani.”

Kitambaa hakikuvutwa. Barabara ile bado inaitwa Mtaa Mpya, nanyi nyote mmepita juu yake leo mkija hapa. Makala ya kusahihisha ilitoka mwezi wa Machi 2010. Ina kurasa nne.

Kisha yakaanza maneno. Gazeti moja liliandika kwamba mtaalamu wa bondeni amebambwa. Sokoni ikasemwa kwamba mwanafunzi ndiye aliyemkamata, kwamba alibuni tarakimu, kwamba alishuka mlimani kwa kufukuzwa. Fermín alipigana shuleni kwa ajili hiyo akapasuka mdomo. Leocadio alimfunga jeraha, akamwambia, “Nimekosea, mwanangu, sikudanganya. Anayetaka kujua tofauti ataniuliza.” Hawakumwuliza.

Yupo mtu mmoja ambaye angeweza kuyakomesha maneno hayo siku yoyote. Mkewe alijulikana, alisomesha nusu ya mabinti wa bonde hili, na neno lake lilisikilizwa. Ilitosha aseme, “Mume wangu alilifichua mwenyewe, tena mimi nikimkataza.” Nusu ya kwanza haikuaminika bila ya pili, na ya pili hakuweza kuitamka. Alinyamaza mwaka wa kwanza, akanyamaza wa pili, na mwishowe kunyamaza kukawa ndiyo heshima ya nyumba. Leocadio alijua sababu. Hakumwambia mtu, hata Nolfa, hata watoto. Maite, unayesoma hapa, unajua leo. Soma tu, mwanangu, usisimame.

Mwezi wa Agosti 2023 Leocadio aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa La Serena, kisha akaomba kurudishwa nyumbani Vicuña, na familia inawashukuru wauguzi waliokuja kila asubuhi miezi yote ya mwisho. Alikonda sana. Dk. Griselda alimletea kila wiki habari za kazi, na alizisikiliza akiwa amefumba macho, akiuliza swali moja moja. Alipoambiwa kwamba asili ya maada ya giza bado haijulikani, alisema, “Afadhali. Nisingependa kuikosa kwa wiki mbili.”

Jumatatu, tarehe 10 Juni, mkewe alikaa kitandani pake akamwambia, “Leocadio, nitawaambia.”

“Utawaambia nini?”

“Kwamba nilikuomba ufiche.”

Alimgeukia. Kisha akasema, “Wataacha kukuamkia sokoni.”

“Na waache.”

“Ungeniambia mapema,” alisema. “Ningekaa nawe siku hizo za kutoamkiwa.”

Hakusema tena neno refu. Alifariki dunia nyumbani kwake, Jumatano, tarehe 12 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu na miezi minne.

Leocadio ameacha dada yake, Nolfa. Watoto wake, Maite na Fermín, ambao baba yao hakuwahi kusema uongo. Mkwe mmoja, Álvaro. Na wajukuu watatu, Simón, Elisa na Rosendo mdogo. Ameacha pia mjane, Hortensia, aliyelitunza jina la nyumba hii miaka kumi na mitano kwa kuliacha la mumewe litembee uchi.

Apewe pumziko na amani mtu huyu, aliyesema kweli kwanza nyumbani mwake, akakosa wa kumwitikia.