Mama Buluu, Mpimaji wa Maji ya Boila

Dada yetu mkubwa alizaliwa tarehe 9 Mei 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa mchomeleaji vyuma na mshonaji. Sisi tuliomfuata tulimkuta tayari ana amri zake. Hakuna aliyekunywa maji ya mtungi kabla yeye hajainua bilauri dirishani na kuyakagua. Mama alikuwa akisema huyu ataolewa na kisima.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, ambako aliipenda kemia nayo ikampenda. Mwaka 1977 alipata cheti cha ufundi wa maabara.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika kituo cha kuzalisha umeme kwa mvuke, akakaa kwenye maabara ya maji hadi alipostaafu mwaka 2011. Alitueleza kwamba maji ya mto yana chokaa, na chokaa ikiingia kwenye boila, tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, huganda ukoko kama ule wa birika. Birika likipata ukoko, chai huchelewa. Boila ikipata ukoko, bomba hupasuka na watu hawarudi nyumbani. Kwa hiyo maji yalichujwa, yakalainishwa, ndipo yakapimwa. Alidondosha dawa kwenye kichupa: yakigeuka mekundu, chokaa imo, yakiwa buluu, salama. Kisha alisimama mlangoni akasema, "Buluu," na kazi ikaanza. Jina hilo likamganda kuliko chokaa yenyewe.

Aliyelingojea neno hilo ni mwendesha boila, shemeji yetu aliyekaa hapa mbele. Asubuhi moja ya mwaka 1980 maji yalitoka mekundu, na mkuu wa zamu akafoka kwamba mji mzima unangoja umeme. Mwendesha boila aliuliza tu kama ni yule dada aliyepima. Alipoambiwa ndiye, aliketi akakunja mikono hadi maji yaliposafishwa upya. Hakwenda hata kukitazama kichupa. Dada alitusimulia kwamba palepale alijua mume amepatikana, ila mwenyewe alikuwa bado hajaarifiwa. Walifunga ndoa tarehe 14 Novemba 1981, wakajaliwa binti na mwana. Miaka yote ile kazini, shemeji hakuwahi kupima maji hata mara moja.

Mwaka 2018 figo za dada zilishindwa kazi. Daktari alisema lazima damu isafishwe kwa mashine, la sivyo tusimtarajie kuumaliza mwaka. Dada akakataa. Tulidhani anaogopa sindano, kumbe alijua mashine ile hutumia maji mengi, yanayosafishwa karibu sawa na yale ya boila, na alijua yakikosewa hufanya nini.

"Maji ya chuma nilipima mwenyewe," alisema. "Haya ya damu yangu atapima nani?"

Tulisihi, tukalia, tukanuna. Alikuwa jiwe.

Shemeji hakubishana. Alikwenda kwenye chumba cha maji cha hospitali, na fundi wa pale, ambaye huyapima kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, akamwelekeza kwa subira. Akarudi wodini na kichupa cha maji ya buluu, akakiinua mbele ya mkewe. Dada alikitazama.

"Umepima mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Akanyoosha mkono achomwe sindano.

Tangu hapo, kila siku ya mashine, kichupa ndicho kilichotangulia sindano. Kwa njia hiyo Mungu alituongezea miaka mitano na ushee, nasi tunamshukuru sana. Alimpakata mjukuu, akamfundisha kukagua bilauri. Tunawashukuru wauguzi, na fundi yule, ambaye leo yuko nasi.

Mwanzoni mwa mwaka huu moyo wake ulidhoofu. Tarehe 11 Machi 2024 shemeji alileta kichupa kama kawaida, akamkuta amefumba macho.

"Sina haja ya kukiona," dada alisema. "Wewe niambie tu."

"Buluu."

Akanyoosha mkono. Alifariki kesho yake jioni, nyumbani, akiwa usingizini.

Ameacha mume, binti, mwana, mjukuu mmoja, na sisi wadogo zake watatu ambao hadi leo hatunywi maji kabla ya kuyainua dirishani. Dada yetu apumzike sasa. Kupima, tutapima sisi.